Stuli Namba Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Stuli ya shangazi imekwisha. Wiki tatu za kupiga msasa, viganja vinawaka. Nimejipongeza mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunipongeza. Mama Kwanini – mwalimu wetu wa usanifu, jina tumempa kwa maswali yake – kaizunguka mara mbili. Nzuri, akasema. Halafu: ziko wapi zilizoitangulia? Nikajibu ziko nyumbani. Uongo mtupu! Nilichora mara moja, nikakata mbao. Sasa anataka daftari la majaribio keshokutwa asubuhi, na stuli zote Ijumaa. Nani alizikalia, alisema nini. La sivyo narudia mwaka.

Jumanne, 4 Machi
Nimeshinda karakana nikitengeneza makosa. Kazi kweli kweli! Namba moja: fupi mno. Namba mbili: miguu ya mbele nimeipunguza vidole viwili, inainama mbele. Namba tatu: pana kama meza. Daftarini nimetumia kalamu tatu ili zionekane siku tofauti. "Namba mbili: shangazi analalamika anateleza. Haifai." Shangazi hajaitia hata machoni. Najionea aibu, lakini nimechoka zaidi ya aibu.

Jumatano, 5 Machi
Daftari nimekabidhi. Stuli niliziacha sebuleni, shangazi anakoshonea. Nimerudi jioni nikamkuta kakalia namba mbili. Namba mbili! Ile yangu nzuri kairundikia nguo za wateja.

Nikamwambia hiyo mbovu, shangazi. Mbovu kasema nani? Inanisogeza kwenye cherehani, mgongo haujauma tangu asubuhi. Ile nyingine nzuri, mwanangu, ila nzuri ya kutazama.

Nikacheka. Kisha chakula kikanishinda. Wiki tatu napiga msasa, na mwenye mgongo yuko chumba cha pili, sijamuuliza neno.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeomba daftari nirekebishe. Mama Kwanini kakataa – keshaanza kulisoma. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Machi
Niko kwenye benchi la koridoni, nangoja kuitwa. Shangazi kagoma kuachana na namba mbili. Kaileta mwenyewe, kwapani, kavaa gauni lake la harusi za watu, ili aondoke nayo. Mama Kwanini kamwona tu: karibu mama, ingia, uketi. Mlango wameuacha wazi nusu.

Anamsomea daftari langu. Hapa umesema unateleza?

Shangazi anasafisha koo. Mtu anayewaambia wateja "kesho" mwezi mzima bila kupepesa macho! Leo sauti inamtetemeka. Ndiyo mwalimu, niliteleza sana. Ananisitiri, na mimi sikumwomba.

Sasa mbona umeikalia? Na umeibeba toka nyumbani? Kwa nini, mama?

Namwona shangazi kisogo tu, na mikono imeishika stuli huku na huku. Naona haya hadi masikioni. Niingie niseme. Nimesimama, nimekaa tena. Anageuka, ananitafuta mlangoni – naweka kalamu chini, naingia.