Tulizika Jina la Utani

Papa Polepole,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye cherehani yako, mlango wazi na jua linawaka, maana habari hizi sithubutu kuziandika gizani.

Siku ya kukuzika, seremala aliuliza aandike nini msalabani. Tukatazamana. Miaka miwili nilikuwa mwanafunzi wako, tunakula nsima, ugali wa huku, sahani moja, na sikujua jina ulilopewa na baba yako. Si wewe peke yako. Wengi tulifika hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, tumelificha jina la kweli kwa hofu ya tulikotoka, tukabatizana upya: Mama Chumvi, Redio, Kilo Moja. Wewe ulikuwa Polepole, kwa sababu kila mteja aliyekuja kuhimiza suruali yake ulimwambia, "Polepole, nguo haina miguu." Basi tukaandika hilo. Wengine hata walitabasamu, kwa mapenzi.

Wiki haikuisha. Shati nililoliacha nusu mezani nikalikuta asubuhi limekunjwa kwa mtindo wako, mkono wa kushoto kwanza. Kesho yake tena. Redio akaapa kwamba amekusalimia mchana kweupe njia ya Dowa, na umemwitikia. Yule mzee wa Kindu anayeuza sabuni akaniambia bila kuinua macho, "Mulizika jina ya mchezo tu. Mwenyewe iko anatembea." Niliogopa, Papa. Niliogopa hata kivuli changu.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Bukavu. "Mi natafuta kaka yangu Bashige. Yeye njo fundi wa nguo." Nikamjibu hapa hakuna Bashige, nikampa maji, nikamwambia apumzike kidogo. Akiwa anapumzika akachukua shati pale mezani, akalikunja. Mkono wa kushoto kwanza. Nikatoka mbio kama niliyeona mzimu. Nilipopata akili, lori la Lilongwe lilikuwa limeshaondoka naye.

Unaona nilichokufanyia? Mtu pekee aliyelibeba jina lako, nikamfukuza kwa glasi ya maji.

Nilimtafuta siku tatu huko Lilongwe, mtaa wa Area 36 wanakoishi Wakongo wengi, nikizunguka soko na kuuliza kila Mkongo niliyemwona. Nilimkuta anakaanga mandasi, maandazi ya huku. Nilipomwambia kwamba tumekuzika alikaa chini palepale, na mandasi yakaungua mpaka jirani akaja kuyatoa.

Jana seremala aliuparua ule msalaba akaandika jina lako. Dada yako akakuita mara tatu: Bashige. Bashige. Bashige. Hakuna kilichotikisika, hata jani. Tukarudi nyumbani.

Asubuhi hii shati nimelikuta lilivyo, limejikunja ovyo kama nilivyolitupa. Badala ya kushukuru, nimelia kuliko siku ile ya mazishi. Kumbe hofu yote ile ilikuwa na faraja ndani yake. Nilikuwa bado nafanya kazi na wewe.

Nenda sasa, Papa, usigeuke nyuma. Kwaheri. Nakuahidi kwamba kila atakayeleta kitambaa kwangu nitamuuliza jina alilopewa na wazazi wake, nilishone ndani ya pindo, mahali asipoona mtu. Wengine watakataa, wataondoka na kitambaa chao. Nitawangoja.

La kwangu nimeshalishona.

Mwanafunzi wako