Mshiriki Nambari Kumi na Saba

Karditsa,
Novemba 3, 2025

Mpendwa mdogo wangu Zisis,

Salamu nyingi zivuke bahari zikukute mzima huko Melbourne, wewe na Despina na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Na Vaia mdogo, ameshazoea shule? Hapa pamba imevunwa, mvua imeanza, na shangazi Fani amenunua kuni za kutosha baridi ya miaka mitatu. Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu najijua: likifika jambo zito, naanza kukuuliza habari za majirani. Kaa chini usome mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Unajua tangu masika nafanya kazi na kampuni moja ya Athens inayotengeneza bangili ya mpira. Haina uso wa saa wala namba. Inapima mapigo ya moyo, usingizi na hatua, kisha inapeleka habari kwenye simu ya mvaaji. Mimi na mwenzangu Rodanthi tunawazungukia wazee waliopewa bangili hizo, tunawauliza kwa nini wanazivaa, kwa nini wanazivua, na wanachokisoma wanakifanyia nini.

Vituko havikosekani. Bibi Tasoula wa karibu na soko huivua kila jioni na kuiweka mbele ya picha ya Bikira Maria, "nayo ipumzike, imefanya kazi kutwa." Kwenye kompyuta yetu bibi wa watu anakaa bila mapigo mpaka asubuhi. Mzee Apostolis yeye hataki kabisa kusikia kuwa moyo wake ni mzuri, hujitemea mate kufukuza husuda: "Ftu, ftu! Funga hiyo simu, we mama, utanitia kijicho!" Kiangazi chote nilikuwa nacheka. Sasa sicheki.

Baba naye aliitaka, na mimi ndiye niliyemwandikisha. Unakumbuka Mei, daktari aliponiita pembeni akasema moyo wa baba umechoka na hautarudi ulivyokuwa. Nilikupigia simu, ukasema, "Mina, ukimwambia utamuua kwa hofu." Nikakubali, maana ndivyo tunavyofanya kwetu, mgonjwa ndiye wa mwisho kujua. Tukamwambia ni shinikizo la damu, tena kidogo tu. Bangili ilipokuja nikamdanganya kuwa simu yake ni ya zamani mno, nikaiunganisha na yangu. Kila asubuhi nilikuwa namchemshia kahawa, nasoma mapigo yake kule kule jikoni, kisha namtokea na tabasamu: "Uko kama chuma, baba!"

Kanuni za utafiti zinakataza kumhoji ndugu yako, kwa hiyo Rodanthi ndiye aliyekwenda kwa baba na kinasa sauti. Mahojiano yetu hayana majina, yana namba tu, na mimi ndiye ninayeyaandika neno kwa neno. Alhamisi nilifungua ya mshiriki nambari kumi na saba. Kabla hajasema neno nikasikia kikohozi kile. Nilipaswa kuzima, Zisis. Sikuzima.

"Mzee wangu, bangili imekusaidia kujua nini kuhusu mwili wako?" Rodanthi aliuliza.

"Mwili wangu? Hamna kitu, mwanangu. Habari zangu anazisoma binti yangu. Mimi namsoma yeye."

"Unamsomaje?"

"Akitoka jikoni anaanza kucheka, ndipo ananitazama. Mwenye habari njema hukutazama kwanza. Nayajua mambo hayo, nimeyafanya mwenyewe. Marehemu mke wangu nilimwambia miezi saba kuwa ni vidonda vya tumbo."

"Naye hakujua?"

Hapo baba alikohoa tena.

"Alijua. Wiki ya mwisho akaniambia, 'Stergio, acha sasa, umechoka.' Miezi saba tumelala kitanda kimoja, kila mtu peke yake. Andika hilo, binti yangu, kama kampuni yenu kweli inataka kujua kitu."

Nililia mpaka Rodanthi akaja kunifungia kompyuta. Wewe na mimi tulikuwepo, tulimwambia mama uongo ule ule na kujipongeza kwa upendo wetu. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulizidi: tulimficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Naona aibu, na wewe uione.

Jumamosi, wakati wa chakula cha mchana, nilimwambia baba. Ndiyo, nimevunja ahadi yetu, na sikukuuliza kwa sababu ungekataa. Nilimpa simu yangu, nikamwonyesha mstari wa mapigo yake tangu alipoivaa bangili. Aliuliza kama alivyokuwa akiwauliza wauza mbegu: hii ni nini, ile maana yake nini, imebaki miaka mingapi. Hilo la mwisho nilimwambia tutamuuliza daktari. Hakufa kwa hofu. Alipiga meza, akaniita mwongo mbele ya shangazi Fani, akasema, "Kama chuma, eti! Chuma chenye kutu!" Kisha akamaliza supu yote.

Halafu akaniuliza, "Na Zisis anajua?"

"Anajua, baba. Tangu Mei."

Alilisukuma kando bakuli tupu. "Kumbe ndiyo maana Agosti hakuja."

Ulimwambia ni kazi, mdogo wangu. Nilitaka kukutetea, nikaishia kuondoa vyombo mezani. Najua uliogopa kumtazama usoni, kwa sababu hata mimi niliogopa, tena nikiwa nyumba moja naye. Sikulaumu kuliko ninavyojilaumu.

Nisalimie sana Despina, Vaia na Lefteris, na binamu Thomai ukimwona kanisani. Shangazi Fani anawabusu wote. Bikira akufunike kwa nguo yake, akupe moyo wa kusimama na kufunga mizigo.

Salamu za baba nimeziacha mwisho. Aliniamuru niziandike neno kwa neno, kwani si ndiyo kazi yangu: "Mwambie Zisis, kuzikwa nitazikwa hata asipokuwepo. Aje sasa, ningali naweza kumfungulia mlango."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukininunia,
Asimina