Hina ya Zamzam

Bwaise, Kampala
6 Machi 1977

Mpendwa wifi Kaltuma,

Hujambo huko Kibera? Na lile goti lako, bado linakusumbua ukisali? Sisi tu wazima wa mwili, basi. Barua hii nimempa Kakule, yule Mkongo muuza vitenge, aifiche kwenye mzigo wake, kwa hiyo nitasema wazi.

Majani ya hina kutoka mti wa uani kwako, uzao wa zile mbegu bibi zenu walizokuja nazo kutoka Sudan wamezifunga kwenye ncha ya shuka, yalifika salama. Niliyaanika kivulini, nikayatwanga, nikayachekecha kwa mtandio. Sukari hapa haionekani hata kwa dawa, nikakanda kwa chai ya rangi na ndimu tu. Ilikolea, wifi! Wewe uliyezoea kusema hina yangu ni ya kupaka mbuzi, ungenyamaza.

Nilimpaka binti yetu Zamzam mikono na miguu. Odur, mchumba wake, yule polisi aliyesilimu mwaka jana, aliona haya, lakini alinipa kidole chake kidogo nikakifunga hina kama desturi yetu. Kiliiva kabisa. Wakaoana Jumamosi. Ijumaa iliyofuata wakaja wanaume waliovaa kiraia, wakamchukua Odur. Kosa lake ni kabila lake, lile serikali inalolisaka siku hizi.

Tangu hapo Zamzam haoshi vyombo, hina isije ikatoka. Majirani wakimtajia eda anawajibu kwamba mjane hapaki hina, na yeye anayo.

Juzi jirani yangu Phelister, muuza samaki, alirudi kutoka ziwani. Kuna maiti zimeokotwa majini.

"Mama Zamzam, moja ilikuwa na kidole nyekundu. Hii ndogo," akaniambia, akinionyesha chake.

Wamezikwa hukohuko. Moyo wangu umepasuka, wifi. Alama ile nilimtia mimi kwa mkono wangu.

Leo asubuhi Zamzam aliona hina imefifia, akaninyooshea mikono nimpake tena. Nikamdanganya imekwisha. Lipo kopo zima, nimelificha kwenye pipa la unga.

Njoo. Wewe ndiye shangazi yake. Kumweka ndani bibi harusi ilikuwa kazi yako, goti likakuzuia. Kumweka eda pia ni kazi yako. Mimi nimejaribu mara mbili kumwambia, mdomo umekataa.

Msalimie shemeji Marjan, na Sauda umbusu. Mwenyezi Mungu akufikishe salama. Usilete hina.

Wako akupendaye,
Safinah