Nguzo ya Zege Langoni

Great Barr, Birmingham

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Na Mwanaidi mdogo wangu, bado analia akipelekwa chuoni? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Kinachouma ni moyo, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Nikipiga unaweka sauti kubwa, na ukumbi mzima unanisikia.

Nilikueleza kwamba nyumba ya Mjomba iko ndani, mwisho wa njia ya mashambani, kwa hiyo sanduku letu la barua husimama peke yake langoni, kando ya barabara. Majira ya baridi yaliyopita trekta la kusukuma theluji lililing'oa mara mbili. Mara ya pili barua ya Mjomba ya hospitali ilipotelea kwenye tope. Akasema safari hii tutajenga lisiloanguka.

Nilisoma wiki nzima katika maktaba ya shule. Kumbe sanduku hudumu likikubali kusukumwa: nguzo nyembamba ya mbao, na juu yake mkono wenye bawaba, likigongwa linazunguka kisha linarudi. Nguzo ngumu inaweza kumuua dereva. Nikachora kila kitu kwa vipimo, nikangoja tukae kula niwaonyeshe.

Nassor, mtoto wa Mjomba, akanitangulia. "Baba, tumwage zege. Nondo nne, kama nguzo za geti kule Tanga."

Unamjua kaka yako na ufundi wake. Aliweka kijiko chini. "Huyu ndiye mtoto wa fundi. Na wewe Idi, mbona kimya? Vitabu vyako vinasemaje?"

"Hakuna kitu, Mjomba."

Mchoro ulikuwa mfukoni.

Mama, sikunyamaza kwa kuona haya tu. Nilitaka zege lao lipasuke watu wakiona. Jumamosi nilibeba maji na mchanga huku wao wakibishana juu ya kokoto na kucheka, Mjomba kamwekea Nassor mkono begani. Mimi nina miaka miwili hapa, na mkono huo haujanigusa. Jirani yetu Mzee Singh, aliyezaliwa Kisumu, akasimamisha gari.

"Nyinyi vijana, hii mnajenga ni sanduku ama ngome?"

"Ngome, Mzee," Nassor akamjibu. "Waambie walete trekta lao."

Trekta halikuja. Alhamisi iliyopita barabara iliganda, gari la Mzee Singh likateleza na kuivaa nguzo, na nguzo haikutikisika. Amevunjika mkono na mbavu mbili.

Tangu siku hiyo Nassor hali vizuri. Akitoka shule anachukua nyundo kubwa na kuipiga ile nguzo peke yake, hataki msaada. Amekwenda kwa Mzee Singh akasema mbele ya watoto wake, "Mimi ndiye niliyekuvunja." Mke wa Mjomba anambembeleza kama mtoto mchanga. Mjomba anamshika mabega yote mawili. Nami nikiwa mlangoni nawatazama, Mungu anisamehe, namwonea wivu hata kwa kosa lile, na kosa lenyewe ni langu.

Nassor hajui kwamba nilijua hatari ya zege lile. Kila siku nakaa naye meza moja na mdomo haufunguki.

Nisalimie Bibi, mwambie dua zake nazihitaji. Msalimie Baba Mkubwa, na mwalimu wangu wa madrasa, na yule binti wa jirani anayekusomea barua. Leo isome wewe mwenyewe, nimeandika herufi kubwa kwa ajili ya macho yako.

Kesho Nassor anapita posta, nitampa barua hii aitume. Bahasha sitaifunga, na nitamwambia aisome kwanza. Ikikufikia, jua kwamba ameisoma.

Mwanao,
Idi