Kituo cha Mafuta Kiko Ng'ambo ya Mlima

Karakana ya Magari,
Chumba cha Stoo,
Ijumaa.

Kwa Kaka yangu Mkubwa, mwenye heshima zote,

Kwanza kabisa napenda kukujulia hali, wewe na shemeji, na zaidi ya wote mama yetu, ambaye natumaini macho yake hayajazidi kumsumbua tangu nilipoondoka huko. Kwa upande wangu, mwili ni mzima. Yasiyo mazima utayaona ukiendelea kusoma, nami nakusihi kwa unyenyekevu usiikunje barua hii kabla hujafika chini kwenye jina langu.

Naituma kwa mkono wa fundi umeme wetu, anayekuja huko kesho Jumamosi. Huenda ukauliza simu ina kazi gani. Nilikupigia mara mbili, kaka, na mara zote mbili ulipoitika nilijikuta nakuuliza habari za matairi.

Utakumbuka kikao cha familia ambamo mama alisema kwamba kabla macho yake hayajafunga kabisa, anataka kukiona kijiji alichozaliwa, ng'ambo ya milima. Wewe ulitoa lori lako, shemeji akachukua dhamana ya vyakula na mablanketi, na mimi, kwa kuwa ndimi mtu wa makaratasi katika ukoo wetu, nikapewa jukumu la kutangulia kuikagua njia: niandike madaraja yako wapi, maji yako wapi, tutalala wapi, na mafuta ya gari yanapatikana wapi. Nilirejea baada ya siku nane nikiwa na taarifa ya kurasa kumi na moja, kichwa chake kimepigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu. Shemeji aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Wewe, ambaye sifa kwako hutoka tone kwa tone, ulisema hata serikali haina taarifa kama ile. Mama aliomba ukurasa wa kileleni urudiwe.

Ni katika kikao hicho cha kusoma taarifa ndipo ulipouliza kama tupakie mapipa mawili ya dizeli. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaeleza kwamba kwa mujibu wa ukaguzi uliofanyika, kituo cha mafuta kipo upande wetu, kabla ya kuanza kupanda; kwa hiyo mapipa hayana ulazima, na nafasi yake litandikwe godoro la mama ili ajinyooshe. Wote mkakubali.

Juzi Jumatano alifika hapa karakana dereva mmoja wa malori, wanamwita Kona, kubadilishiwa springi. Amepita milima ile kwa miaka kumi na tisa. Alipokuwa akisubiri, nilimpa taarifa yangu aisome. Sitaficha kwamba nilikuwa natafuta sifa. Alisoma akifuatisha maneno kwa kidole, na alipofika ukurasa wa nne akaanza kucheka mpaka akapaliwa. Aliniambia kwamba korongo nililoliandika kushoto liko kulia kwa mtu anayepanda. Kwamba soko nililoliweka siku ya kwanza hufikiwa siku ya nne. Na kwamba kituo cha mafuta kiko ng'ambo ya kilele, unapoteremkia kijijini kwa kina mama. Kutoka huku kwetu mpaka pale hakuna hata tone, na lori lenye mzigo likipanda kwa gia nzito hunywa dizeli kama tangi limetoboka. Mwaka jana, alisema, familia moja iliishiwa mafuta kule juu, wakakaa siku mbili wakichoma masanduku yao ili wapate joto. Kisha akaniuliza, mbele ya mafundi, “Bwana Karani, hii njia ulipita umekaa kinyumenyume?” Mafundi walishika mbavu. Na mimi nikacheka pamoja nao, kaka, kana kwamba anayechekwa ni mtu mwingine.

Sikupita njia ile.

Lori la mizigo nililopanda lilifika kona ya tano tu. Tairi lilisukuma kokoto ukingoni, nami nikategea sikio nizisikie zikitua. Sikuzisikia. Nikamshika dereva mkono, mkono uleule alioshikia usukani. Alisimamisha gari, akaniambia ana mke na watoto wanaomtegemea, kwa hiyo niteremke. Nilirudi kwa miguu hadi kizuizi cha barabarani kilicho chini ya mlima, nikapanga chumba katika nyumba ya wageni inayotazamana na maegesho ya malori, nikakaa humo siku sita. Madereva waliokuwa wakishuka kutoka mlimani walikuja kunywa chai pale, nami nikawahoji. Walinisimulia safari kama walivyoiendesha wao, wakitoka tunakokwenda sisi. Kizuizi, nilichokiona kwa macho yangu, nilikiweka mwanzo. Mengine yote niliyaandika kwa mpangilio wao. Nilihangaika na uzuri wa sentensi. Kwamba wale watu walikuwa wakirudi, hilo halikunipitia kichwani hata mara moja.

Kwa hiyo naomba, na hapa sitafuti maneno mazuri: msiondoke Jumatatu bila mapipa mawili yaliyojaa. Godoro likunjeni nusu. Nimeambatanisha karatasi ya njia aliyonisomea Kona mwenyewe. Mimi nimeandika tu, sikuongeza neno. Taarifa yangu ichomeni.

Lipo jingine. Hili haliwezi kumkwamisha mtu barabarani, lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu Jumatano nikaiweka, nikaishika Alhamisi nikaiweka tena.

Baada ya kile kikao, mama aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Aliniuliza juu ya chemchemi iliyo karibu na kilele, chini ya jiwe lililokaa kama kiti, ambapo walimnywesha maji siku alipoletwa huku kuolewa, akiwa mwari. Aliuliza kama ipo. Nikasema ipo. Akauliza kama maji yake bado ni baridi. Nikamjibu kwamba yalinitia ganzi ya meno. Kaka, mama alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tumzike baba, akanishika shavu, akasema basi mmoja wetu ameshaifikia.

Nilimuuliza Kona. Miaka sita iliyopita, mitambo ya kupanua barabara ililivunja lile jiwe na kuifukia chemchemi. Pale sasa pana kifusi na bomba la kupitishia maji ya mvua.

Nilipoanza kuandika, nilikusudia kukuomba umfiche mama haya ya mwisho. Ningeliandika ombi hilo vizuri sana. Najua namna ya kuomba. Lakini jana shemeji aliniambia kwenye simu kwamba mama amekwisha kutenga chupa ya kuchotea. Mkimficha, atateremka pale juu, kwenye baridi, na ataanza kulitafuta jiwe kwa hayo macho kidogo yaliyobaki, na wewe ndiye utakayekuwa umemshika mkono.

Mwambie kabla ya Jumatatu. Mwambie mwanawe hakufika, wala hakunywa. Akiamua kutozungumza nami, sina rufaa. Akisema bado anataka kwenda, mpelekeni.

Nisalimie shemeji na wote waliokuwepo siku taarifa iliposomwa. Kama itafaa, na hii pia isomwe mbele yao. Mama mpe shikamoo yangu, kama ataipokea.

Ndimi mdogo wako, niliyeinamisha uso,

Karani wa Stoo.