Kuku Aliyekuwa Akiatamia

Kiberege,
Jumanne.

Kaka yangu Amedeus,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe, wifi Bibiana na watoto hapo Ifakara hamjambo. Sisi tu wazima, na goti la mama limetulia. Simu ninayo na salio lipo, ila haya nikiyasema kwa mdomo nitaishia njiani, najijua.

Wale kuku ulioniletea niwanenepeshe kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya baba, nilikwambia wameuawa na mdondo, ulioletwa na tetea aliyetuchangia jirani yetu Verediana. Ukakasirika, ukasema asikanyage jikoni siku ya misa. Maneno yakafika jumuiya, na jumuiya yetu unaijua: hata mayai yake watu wakaacha kununua.

Kaka, haukuwa mdondo. Mahindi yalipoadimika, bwana mifugo alitufundisha kuchanganya unga wa muhogo kwenye chakula cha kuku, ila akasisitiza mihogo michungu ilowekwe kwanza sumu itoke, kama tunavyofanya kwa ugali wetu. Mimi na haraka zangu nikajisemea kuku anakula mende na nge, muhogo utamfanya nini? Nikamenya, nikaanika juu juu, nikapeleka mashine. Asubuhi waliugombania. Kabla ya mchana walikuwa wakiyumba na kuanguka mmoja mmoja, na tetea wa Verediana akiwemo. Alibaki yule aliyekuwa akiatamia, maana hakutoka kula. Nilipomwona ametulia juu ya mayai yake, nilijua. Nikautupa unga uliobaki chooni, ndipo nikakupigia.

Juzi Verediana alikuja. Mama mtu mzima kama yule alipiga magoti mlangoni pangu, akasema amewaua na kuwafukia kuku wake wote, hata vifaranga, ugonjwa usienee kijijini, na akaniomba msamaha. Naona aibu hata kuandika: nilimwinua, nikamwambia nimemsamehe. Akanishukuru huku analia.

Jumamosi jumuiya inasali kwetu. Nitasimama niseme yote mbele yake. Nakuomba uje, si kunitetea, bali umwombe wewe mwenyewe arudi jikoni. Mimi sina uso wa kumwomba.

Nisalimie wifi na watoto, na Mungu awalinde. Mama anakusalimu sana. Bado hajui kitu. Kila jioni kwenye rozari anamwombea Verediana asamehewe, nami naitikia amina.

Ni mimi mdogo wako,
Dativa