Yowe kwenye Sinema ya Ninja wa Alizeti

JESHI LA POLISI
KITUO KIDOGO CHA KINYANGIRI, WILAYA YA MKALAMA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anastazia Msengi (Mama Catherine)
Umri: Miaka 54
Kazi: Mkulima, pia hupikia watu chakula wanapohitaji
Makazi: Kijiji cha Kinyangiri
Tarehe: 14/06/2025, saa 4:10 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Koplo Radhia

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Naishi Kinyangiri na mume wangu Mathayo, ambaye tangu juzi yupo mahabusu katika kituo hiki kwa kumvunja mkono kijana Derick, mwigizaji kutoka Singida Mjini. Sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Nimekuja ili ijulikane hawa watu wa sinema ni watu wa namna gani, na mume wangu arudi nyumbani.

Mnamo tarehe 09/06/2025, siku ya Jumatatu, majira ya saa nne asubuhi, nikiwa nyumbani kwangu napepeta alizeti, ilikuja gari Noah nyeupe ikiwa na watu sita. Alishuka kijana aitwaye Tamimu akanisalimu shikamoo mara tatu kabla sijaitika hata moja. Kijana wa hivyo mimi humwangalia mikono. Alisema yeye ni mwongozaji wa sinema, ana kibanda cha kuonyeshea mikanda mjini, na sasa anatengeneza ya kwake ya karate na vichekesho, inaitwa Ninja wa Alizeti. Ni habari za mkulima anayejifunza karate ili apigane na wezi wa ng'ombe. Alinionyesha barua yenye mhuri wa ofisi ya kijiji. Mhuri haukunitisha, hata yule mtu wa visima alikuwa nao.

Nimeulizwa mtu wa visima ni nani. Najibu kwamba mwaka 2023 alikuja mtu na barua, akisema anapima maji ya kisima. Alilala kwetu siku nne, nikampikia. Aliniuliza ng'ombe wetu wananywa wapi na wanapita njia gani, nami nikamwelekeza vizuri kabisa. Siku ya tano asubuhi hakuwepo, na maksai wetu sita hawakuwepo. Mathayo hakunilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu. Tangu hapo mgeni akiuliza habari za ng'ombe, simwamini tena.

Tamimu aliniomba niwapikie kwa siku zote watakazokuwepo. Nilikubali ili niwaone kwa karibu. Jumanne walifanya mazoezi nyuma ya ghala letu. Mavazi yao ya kininja yalikuwa mashuka yaliyotiwa rangi nyeusi, na usoni walivaa soksi zilizotobolewa macho. Huyo Derick, ambaye ndiye mkuu wa wezi kwenye sinema, aliruka teke akapitiliza godoro, akaingia kwenye banda langu la kuku. Mlio wa ngumi waliupata kwa kupiga gunia la alizeti kwa kandambili. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, nilihesabu kuku.

Jumatano tarehe 11/06/2025, saa kumi jioni, nilimsikia Tamimu kwa masikio yangu akimwomba jirani yetu Joseph amwazime ng'ombe wanane, na akamuuliza wanarudi malishoni kwa njia ipi. Nilimwambia Mathayo jioni ileile. Alinijibu, "Mama Catherine, mwizi gani ataruka-ruka mchana na soksi usoni?" Nikamwambia ndiyo hao hao, maana hakuna atakayewashtukia.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba sehemu ya wizi wa ng'ombe itachukuliwa Ijumaa, watu wasishtuke. Lakini Alhamisi tarehe 12/06/2025, saa moja na nusu asubuhi, Tamimu alikuja kunywa chai akaniambia kamera waliyoazima inatakiwa kwenye harusi mjini, kwa hiyo ile sehemu wataichukua siku hiyohiyo saa tisa. Akasema, "Mama, tusaidie kuwaambia majirani, hapa kwako ndipo wanapopita wote." Nikaitikia.

Ilipofika saa 9:20 alasiri likapigwa yowe. Kwetu yowe la ng'ombe halipigwi kwa mchezo. Hulipiga mwanamke, mkono mdomoni, mara tatu ndefu, na kila kaya inayolisikia inalipokea na kulipeleka mbele. Mwanamume huacha alichoshika akaenda. Asiyekwenda hujieleza mbele ya mkutano, na akiibiwa yeye asitegemee mtu. Haikupita robo saa, watu wa vitongoji vitatu walikuwa wamefika kwenye korongo nyuma ya ghala, na fimbo, na mmoja na mwiko, maana alikuwa kwenye msiba anasonga ugali.

Nami nilifika. Ng'ombe walikuwa wanaswagwa na watu wenye soksi usoni. Hawa watu wa sinema walidhani sisi ni waigizaji tulioletwa na mwenyekiti. Tamimu alikuwa anaruka kwa furaha anapiga kelele, "Safi sana wazee! Msiangalie kamera!" Mume wangu Mathayo alikuwa mbele. Derick akamgeukia, akanyanyua mguu juu, akapaza sauti, "Leo hamna ng'ombe, mtakunywa maziwa ya kopo!" Baadaye niliambiwa yalikuwa maneno ya kwenye sinema. Mathayo alimpiga fimbo moja tu, Derick akakinga kwa mkono wa kushoto. Nilisikia ule mlio, haukufanana na wa kandambili. Joseph akafika anahema, akasema, "Acheni jamani, ng'ombe ni wangu, nimewaazima mwenyewe." Mathayo alimvua Derick soksi, akaona ni mtoto wa kama miaka ishirini na mbili, analia. Mathayo alikaa chini palepale. Ndiye aliyemfunga mkono kwa shati lake na kumbeba hadi kwenye Noah.

Afande, naomba usicheke ukiangalia hiyo video. Kwangu si kichekesho.

Nimeulizwa kama niliwafikishia majirani taarifa ya Tamimu. Najibu kwamba nilikuwa na wali jikoni. Nimeulizwa tena kama niliwafikishia. Najibu: sikumwambia mtu. Walipita kwangu zaidi ya kumi siku hiyo, nikawasalimu tu. Sikutaka niwe mtu wa kuwasafishia wageni njia, kama mara ya kwanza.

Nimeonyeshwa video iliyochukuliwa na kamera ya Tamimu, na nimesikilizishwa sauti. Anasikika msichana wao Belinda akilia "Wezi! Wezi jamani!" kisauti chembamba cha mjini. Hakuna anayeshtuka. Kuna mzee anaonekana kwa mbali anaendelea kuchunga mbuzi. Kisha, baada ya muda kidogo, linasikika yowe kutoka upande wa nyumba yangu, na yule mzee anaacha mbuzi anakimbia. Nimeulizwa kama naitambua sauti hiyo. Nimeomba maji ya kunywa, nimepewa.

Najibu kwamba ni sauti yangu.

Mathayo alikuwa uani anashona magunia. Aliposikia kisauti cha Belinda aliinua kichwa akaniuliza, "Si wale wa sinema hao?" Kwake sinema ilikuwa Ijumaa, ndiyo maana aliuliza. Mimi nilijua ni wao. Nilijua na saa. Nikamjibu, "Sinema ni kesho. Hao ni wezi kweli." Nikaweka mkono mdomoni.

Nimeulizwa kama wakati huo niliamini kwamba ni wezi. Nusu niliamini. Nusu nilitaka tu wakimbizwe, niwaone wakikimbia, kwa sababu wale wa kwanza sikuwaona wakikimbia. Nilikuwa na hasira ya miaka miwili, na hawa ndio waliokuwa karibu. Sikufikiria mkono wa mtoto wa watu. Sikufikiria kwamba atakayetangulia ni mume wangu, ingawa kila mtu Kinyangiri anajua Mathayo akisikia yowe hutangulia.

Hajawaambia nani alilipiga. Najua mmemuuliza. Jana nilipomletea uji aliniuliza tu kama alizeti imeingizwa ndani. Anadhani nilikosea. Anadhani nami nilidhani ni wezi, kama yeye. Nimemwona mara tatu tangu akamatwe, nimeshindwa kumwambia. Naona aibu kuliko ninavyoogopa.

Tamimu na wenzake hawajaiba kitu. Kuku wangu wametimia. Kumpiga Derick alimpiga Mathayo, lakini kumtuma nilimtuma mimi. Hapa ndipo maelezo yangu yanapoishia, nimeyatoa kwa hiari na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: A. Msengi

Maelezo ya mwandishi:

Mimi Koplo Radhia nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kwa usahihi. Shahidi alipoitambua sauti yake nilimsimamisha, nikamwonya kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Alijibu, "Andika, mwanangu." Nilimsomea yote, hakubadilisha kitu. Kabla ya kusaini aliomba nimsomee mumewe maelezo haya mahabusu, kwa kuwa yeye mwenyewe ameshindwa kumwambia. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo kwa maelekezo.

Nilimsomea Mathayo saa 6:05 mchana. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amesimama. Nilipomuuliza kama anakubaliana na maelezo hayo, alisema niandike kwamba siku ile yeye hakumuuliza mkewe kitu chochote, wala mkewe hakumjibu.